P'aa wa Mama na Paa la Prodyuza

Kwetu huku Kisauni mwangwi ni maradhi, na dawa yake haijapatikana. Mtu akishashika maiki hawezi kusema "jamani" mpaka ile jamani iende ikagonge ukuta irudi mani-mani-mani. Mbuzi wa mtu akipotea, hutangazwa kwa mwangwi. Gari likiziba njia arusini, mshereheshaji hutaja nambari yake kwa mwangwi, hata mwenye gari asijue kama ni saba moja au ni saba saba saba. Juzi hapa Utange alipita muuza dawa ya panya na kispika chake nyuma ya baiskeli, panya-nya-nya-nya, nikabaki kujiuliza huyo panya anafia wapi, pangoni? Na watu wanasimama, wanasikiliza, wanaona ndio uhodari wenyewe.

Mimi ni mshonaji. Nashona madera na sare za shule, nina chumba changu cha cherehani mbele ya nyumba, na kwa miaka yote hiyo sikuwa na haja ya kujua programu ya kurekodi ni mnyama gani. Nilijua kwa sababu ya mama yangu, na kujua kwenyewe kulinitia hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mama ni mtu wa Mtongwe, na wazee wake ni wa Mtongwe, na Kiswahili chake hakikopeshwi. Ni mwanamke mwenye ulimi mkali na masikio makali zaidi ya ulimi. Ukimwamkia shikamoo ya mbiombio, atakurudisha mlangoni uamkie upya kama mtu. Na ni mtunzi. Haandiki, anatunga kichwani akiosha vyombo, akichambua mchele, na ubeti ukishakaa kwake umekaa.

Kwetu, binti akiolewa, siku ile amekalishwa ndani kabla hajatolewa, mwanamke mkubwa wa upande wa mama humkalia mbele uso kwa uso akamsomea utenzi wa nasaha aliomtungia mwenyewe. Si utenzi wa kuazima. Bibi alimtungia mama, mama akanitungia mimi, na sasa alikuwa ameshamtungia binti yangu, mjukuu wake wa kwanza, naye arusi yake ilikuwa karibu. Mimi mwenyewe sijajaliwa. Nikijaribu kutunga, hutoka maneno ya kadi ya mwaliko.

Hapo ndipo rovu lilipotuingilia. Mama alikuwa na uvimbe wa shingoni wa siku nyingi, anaufunika kwa mtandio na kujifanya haupo, mpaka ukaanza kumkaba akilala. Daktari akasema ukatwe, tena haraka, wala usingoje arusi. Akatwambia pia, bila kuzunguka, kwamba mshipa wa sauti umepita nyuma ya ule uvimbe. Sauti huenda ikabaki, huenda ikaondoka ikarudi, huenda ikaondoka moja kwa moja.

Nilimwangalia mama. Nilidhani ataulizia uhai wake. Akauliza, "Na utenzi?"

Daktari hakuelewa. Nikamweleza. Akasema, "Si umsomee mjukuu wako sasa hivi, kabla ya upasuaji?"

"Daktari," mama akamwambia kwa upole ule wake unaochoma, "wewe ulioa siku ya posa?"

Basi ikawa hakuna njia ila utenzi urekodiwe, upigwe siku ya siku, ikiwa sauti itakuwa haipo. Mama alikubali kwa shingo upande. Na alikubali kwa sharti moja tu: awe ni yeye. "Nataka akinisikia ajue ni mimi," akasema, "si mtu anayeniiga."

Sasa nina shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Huyu ana chumba Kiembeni alichokibandika trei za mayai ukutani, akaweka taa ya buluu, akakiita studio. Kazi yake ya kumlisha ni kupanga viti na mahema arusini, lakini ukimwuliza atakwambia yeye ni prodyuza. Amerekodi kwaya, amerekodi kaswida, amerekodi matangazo ya wagombea, na zote ukizisikia utadhani zimeimbwa na mtu mmoja aliyetumbukia kisimani. Aliposikia habari ya mama, alikuja mbio.

"Shemeji, niachie mimi. Mama nitamtoa kimataifa."

"Nani kakuomba umtoe?" nikamwuliza. "Mwache humohumo alimo, wewe mrekodi tu."

Akacheka. Nilipaswa kumwogopa mtu anayecheka hivyo, lakini ni shemeji, na mume wangu alikuwa amekaa pale ananiangalia kwa jicho la usilete fitina. Tukaenda Kiembeni.

Kile chumba ni joto kama mpishi amesahau kuzima jiko. Shemeji akamkalisha mama kwenye kiti cha kuzunguka, akamvika mavisikizio makubwa juu ya mtandio, akamwambia, "Mama, sema cheki, cheki."

"Nicheki nini?"

"Maiki, mama."

"Maiki ni yako. Icheki mwenyewe."

Halafu akaanza kutuonesha programu zake. Lo! Mtu huyu ana programu kuliko fulana. Moja ya kurekodi, moja ya kumiksi, moja ya kunyoosha sauti iliyopinda, moja ya kuifanya nyembamba inone. Na iko moja aliyoisifu kuliko alivyowahi kumsifu mkewe: ya kuondoa kelele. Nyingine zote za wizi, amepewa na rafiki kwenye flashi, lakini hii alikuwa bado anatumia ile ya kuonja, na hiyo ya kuonja kila baada ya muda hutoa mlio, shhhh, ili ikukumbushe kwamba hujainunua. Nikamwuliza, "Programu ya kuondoa kelele mbona ndiyo yenye kelele?" Akasema atapata nzima, nisijali. Alipata, mtu kama yeye hakosi.

Mama alisoma. Wallahi sijui alipata wapi nguvu mle ndani. Alianza kwa bismillahi akaenda mpaka tamati bila kujikwaa, na mahadhi yake ni yale ya wanawake wa Mtongwe, ya chini, yasiyo haraka, kama mtu anayekunja nguo vizuri. Mimi nililia. Shemeji alikuwa anaangalia mistari inayoruka kwenye kioo cha kompyuta.

"Safi," akasema. "Nitaisafisha, halafu niitie nakshi kidogo."

"Usitie kitu," nikamwambia.

"Kidogo tu, shemeji."

Alipoileta, alikuja nayo na spika, akataka wote tukae. Wifi zangu walikuwepo, majirani wawili watatu, na binti yangu akatolewa nje kwa sababu si ruhusa asikie kabla ya siku. Shemeji akabonyeza. La kwanza kutoka halikuwa bismillahi. Lilikuwa ni jina lake mwenyewe la kisanii, limesemwa na sauti ya kike ya kizungu, likafuatwa na mlio wa bomu. Halafu ndege wakalia. Ndege! Halafu maji yakamwagika. Ndipo mama yangu akasikika kwa mbali, anaisoma bismillahi yake ndani ya tangi la maji.

"Maashallah," wifi yangu mkubwa akasema, mkono kifuani. "Kama redioni."

Nilitamani kumrushia mto. Sauti ya mama ilikuwa imenyooshwa. Pale anapopandisha kidogo na kuteremka, ule mteremko ulikuwa umekatwa ngazi, juu, chini, juu, chini, kama simu inayoomba chaji. Lakini mama mwenyewe alikaa ametulia na kichwa amekiinamisha upande mmoja, na wanaomjua wangejua kwamba hilo si jambo jema.

Tukafika ubeti huu, nao niuandike jinsi mama alivyoutunga:

Kijana wangu wa shani
nalikulea nyumbani
leo p'aa u ndiani
nenda salama kutuwa.

Mama akainua kidole. "N'rejezee hapo."

Shemeji akarejeza, anatabasamu, anadhani amependeza.

"Rejeza tena."

Akarejeza.

"Paa la nani liko ndiani?" mama akauliza.

"Samahani, mama?"

"Nakuuliza wewe uliyelitoa. Nasikia hapa paa liko ndiani. Limeng'olewa na upepo? Ni la makuti au la bati?"

Kwa asiye wa Mvita nitaeleza, maana jambo hili ndilo kisa chenyewe. Kwetu kuna paa wawili. Kuna paa la nyumba, na kuna p'aa yule mnyama mzuri wa mwituni mwenye miguu myembamba. Shuleni tulifundishwa kwamba ni neno moja, utajua kwa jinsi linavyotumika. Si neno moja. Yule mnyama hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme p'aa kama asemavyo mama, utauhisi upepo mkononi. Sema paa la nyumba, hakuna upepo. Hivyo hivyo k'aa wa pwani ana pumzi, kaa la moto halina. Mtoto wa Mtongwe huyajua haya kabla hajajua kufunga kifungo. Na ile programu ya shemeji ilikuwa imepita kwenye utenzi mzima, kila ilipokutana na upepo umepiga maiki, puh, ikasema hii ni kelele, ikafuta.

Kwa hiyo bibi arusi, badala ya kuitwa p'aa anayeondoka nyumbani kwao, aliambiwa paa la nyumba limetoka liko njiani. Mbele kidogo utenzi ulimwusia asiwe k'aa, yule mwenye kwenda upande na kukimbilia shimoni kila akiona kivuli. Sasa akausiwa asiwe kaa la moto.

Shemeji alisikiliza maelezo haya yote kinywa wazi. Halafu akasema, "Lakini mama, hata kaa la moto ni nasaha nzuri."

"Nzuri sana," mama akamjibu. "Basi tunga utenzi wako ulitie."

"Lakini hizi ni pumzi tu, mama. Programu imezitambua kuwa ni kelele. Mimi sikuzigusa, ni yenyewe. Na watu wataelewa tu."

Wataelewa tu! Maneno haya nayachukia kuliko matusi. Fundi akikushonea mkono mmoja mrefu atakwambia watu hawataona. Anayekutangaza kwa jina si lako atakwambia wataelewa tu. Mtu amekaa miaka anapima neno kwa pumzi yake, anakuja mwingine na flashi ya wizi anampangusa, halafu anataka ashukuriwe kwa usafi.

Nikasema basi, hakuna neno, toa ndege wako, toa bomu lako, tupe ile ya kwanza, ghafi, kama ilivyotoka kinywani mwa mama.

"Ile ya kwanza," akasema, "niliiseivu juu yake."

"Juu ya nini?"

"Hii. Niliseivu hii juu ya ile. Kompyuta ilikuwa imejaa."

Ilikuwa imejaa wagombea, na jingo zake za matangazo, na mabomu yake. Mama alijifunga mtandio wake, taratibu, ukafunika lile rovu, akaomba aletewe viatu. Na siku ya kisu ilikuwa wiki ileile.

Hapo nilimtolea shemeji uvivu. Sitayaandika yote niliyomwambia, kwa sababu mume wangu atasoma. Itoshe kusema kwamba alipotoka hakuaga, na wifi zangu waliniona mwanamke mkavu.

Ikabaki mimi. Nikachukua kompyuta ya binti yangu, nikaanza kutafuta programu, na hapo ndipo nilipoujua upumbavu wa dunia ulivyo na mapambo. Ukitaka kujifunza lolote mtandaoni, kwanza atatokea kijana mwenye kofia, atakusalimu kama mlilala pamoja, atakwambia ubonyeze hiki na ukipende kile, atapiga muziki, atajisifu, na jambo lenyewe atalisema mwishoni kwa pumzi moja. Mmoja alisema programu nzuri ni ile ghali. Wa pili akasema ile ghali ni ya wajinga, nzuri ni ya bure. Wa tatu akasema programu si kitu, kitu ni maiki, na maiki yenyewe anaiuza yeye.

Nikajaribu. Ya kwanza ilinitaka nijisajili, nitoe barua pepe, nieleze mimi ni msanii wa mtindo gani. Hapakuwa na mtindo wa bibi wa Mtongwe. Ya pili ilifunguka ikiwa tayari inapiga ngoma, dum-tak, dum-tak, sikuona pa kuizimia, nikaifunga kwa kuifunika kompyuta. Ya tatu ndiyo iliyokuwa hatari zaidi, maana ilikuwa na adabu. Ilirekodi vizuri, haikuuliza kitu, haikupiga ngoma. Nikajirekodi: p'aa, paa, k'aa, kaa. Nikasikiliza. Paa, paa, kaa, kaa. Ilikuwa inasafisha yenyewe, kimyakimya, kabla hata sijaomba. Nikaipekua kila mahali. Nilikuta swichi ya kubadili rangi ya dirisha, nikakuta swichi ya kunipongeza nikimaliza wimbo, swichi ya kuiambia iniache kama nilivyo sikuiona.

Nilitukana, cherehani ikanisikia.

Mwisho nikapata moja ya kijivu, mbaya ya sura, vifungo vyake kama vya mashine ya kupimia uzito. Ilikuwa ya bure na haikuwa na akili hata kidogo. Ukiiambia rekodi, inarekodi. Ukiiambia simama, inasimama. Efekti zake zote zimekaa kwenye menyu moja juu, zimelala, hazikurukii. Niliipenda kwa ule ujinga wake. Nikasema p'aa, ikanirudishia p'aa, na upepo wake.

Kumshawishi mama ilikuwa kazi nyingine. Lile rovu lilikuwa limeshamchosha, na hapendi kurudia jambo. Akasema, "Nimeshausoma. Walioutupa na wauokote." Nikambembeleza. Nikamwambia yule bwana hatakuwepo. Nikamwambia mjukuu wake atakaa ndani siku ile mbele ya kiti kitupu. Hapo akasema, "Niekee mto mgongoni."

Tulirekodi Utange, chumbani kwangu, baada ya adhuhuri watu wakiwa wamelala. Chumba changu hakina trei za mayai. Kina madera yaliyotundikwa, kina marobota ya vitambaa mpaka juu, na sauti ikitoka haina pa kugonga, inazama mle. Nikazima feni, nikazima friji, nikaiweka maiki pembeni ya mdomo wa mama, si mbele yake, ili pumzi yake isikike lakini ipite kando isiigonge. Nje fundi wa kuchomea mageti alikuwa kazini. Nikatoka nikamwomba asimame kidogo. Akauliza mpaka saa ngapi. Nikamwambia mpaka mama yangu amalize. Akakaa chini akavua miwani yake, Mungu amzidishie, huyo hakuuliza la pili.

Mama alisoma kwa taabu. Hakusoma kama Kiembeni, sitadanganya. Safari hii alipumzika katikati, akakohoa, akanywa maji. Kwenye ubeti wa kumvumilia mume, jogoo wa jirani akawika. Mama akangoja. Jogoo akawika tena. Mama akamwambia, "Umemaliza?" kisha akaendelea. Alipofika pale kwenye p'aa, nilikuwa nimefumba macho, na p'aa alitoka mzima na miguu yake yote.

Sikukata kikohozi, wala jogoo, wala lile "umemaliza". Shemeji alipopata habari alituma ujumbe: angalau nimpe atie mwangwi kidogo, asilimia kumi tu, watu watasema haijaiva. Nikamjibu kwamba haipikwi.

Kisu kilipita salama, alhamdulillahi. Uvimbe ulitoka. Na sauti ilitoka nao. Mama alipoamka alifungua kinywa kikatoka kinong'ono, na siku zikapita, kikawa ni hicho hicho. Daktari akasema tungoje. Mama hakulalamika, lakini aliacha kuzungumza na watu wasiomjua, na mtu aliyekuwa akikurudisha mlangoni kwa shikamoo alianza kuitikia kwa kichwa. Nilikuwa namwona anavyomwangalia kila anayezungumza kwa nguvu, na moyo ulikuwa unaniuma.

Siku ya siku ikafika. Mama akamkalia binti yangu uso kwa uso, kama ilivyo ada, kinywa amekifunga, mikono ya mtoto ameishika kwa yake, na mimi nikabonyeza. Binti yangu alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Jogoo alipowika akacheka na machozi yake. Wanawake wa Mtongwe waliokuwepo, watu wazima, walikuwa wanaitikia kwa vichwa kila neno, na hakuna aliyeuliza paa gani. Ulipokwisha, wifi yangu mkubwa akaniinamia sikioni.

"Utenzi umetulia," akasema. "Ila ungetiwa mwangwi kidogo ungependeza."

Nikamwambia aende akale biriani.

Ningekuwa na hiari ningeishia hapo, nimeshinda, na shemeji na programu zake wamekaa chini. Lakini baada ya arusi mama alirudi kwake Mtongwe, nami nikarudi kwenye nguo za watu. Asubuhi moja nina sare ya shule chini ya sindano, simu ikalia, ni yeye.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

"Mama? Halo?"

Kimya kitupu, hata kuku hakusikika. Nikasema ni mtandao, nikakata. Akapiga tena. Kimya. Nilikuwa na mteja mlangoni ananung'unika, nikakata tena. Akapiga mara nyingine, na safari hii nikapandisha sauti, "Mama, sema basi! Sikusikii!" Kimya kiliendelea kitambo kirefu, kisha akakata yeye.

Niliingiwa na hofu. Nikafunga chumba, nikavuka feri, nikafika Mtongwe nahema. Nikamkuta amekaa kitandani, mzima wa afya, simu mapajani, uso ameukunja.

"Mbona husemi kwenye simu?"

Akaniita kwa kidole. Nikainama mpaka sikio langu likawa mdomoni mwake.

"Nimesema," akanong'ona. "Nimesema yote."

Nikaichukua ile simu yake, nikaipigia yangu, nikamwambia aseme. Sikio moja nilimsikia mama, kinong'ono kile kikavu, kila neno na mahali pake. Sikio la pili, lenye simu, hapakuwa na mtu. Simu nayo inasafisha. Imefundishwa kuchuja sauti ya mtu na kutupa kelele, na mama yangu sasa hana sauti, ana pumzi tu. Nilitafuta pa kuizima, sikupaona. Nimemlaani mtu asiyenijua, aliyekaa huko aliko akaamua binadamu anasikika vipi, nami sitaki msamaha kwa laana ile.

"Ulikuwa wasemani, mama?"

Akanambia kwamba alikuwa ametunga ubeti. Mmoja tu.

"Wa nani?"

"Wako," akanong'ona. "Umetoa mwana. Umebaki na nyumba."

Kwetu mama wa bibi arusi hatungiwi. Hakuna ada hiyo. Alikuwa ameutunga kwa kutaka mwenyewe, na pumzi ile haba aliyobaki nayo, akanisomea kwenye simu mara tatu, nami nikamkatia mara mbili, ya tatu nikampigia kelele.

Nikakaa chini sakafuni, nikamshika magoti. "N'rejezee, mama. Niko hapa. Nasikia."

Alinitazama, halafu akaniwekea simu yangu mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Nishausema," akanong'ona. "Kaiulize hiyo."

Nilikaa pale mpaka alasiri. Alinipikia chai, akanipa mkate wa mofa, akaniuliza habari za mjukuu wake. Ubeti hakuurejeza.